Kamera Isiyo na Pua

Sogeeni karibu, Ridhwani na Sumaya, mniongezee mto mmoja mgongoni, maana baba yenu amesema miaka sabini na miwili bila kuombwa, na leo anaombwa akiwa hana pumzi. Nyumba ya Kyeshero ni ya mama yenu, hilo halina kikao. Depo ya kahawa ya Katoyi ni yenu wawili. Lakini ndani ya depo kuna mtu, na ndiye niliyewaitia.

Volkano ya elfu mbili na mbili ilimeza depo yangu ya kwanza na magunia yake. Nikajenga tena juu ya mawe yale yale, na volkano ya pili ilipotoka nikasema, basi, sasa nanunua macho. Nikaenda mpaka Guangzhou, ambako nilipotea nusu siku nikitafuta hoteli niliyokuwa nimesimama mbele yake, nikarudi na kamera kumi na mbili zenye akili. Injinia Zihindula akazifundisha kumtambua mgeni getini, kulia zikiona moto, na kuhesabu mikono ya akina mama kwenye meza za kuchambua. Jioni ya kwanza zikaona wekundu wa anga juu ya Nyiragongo, mlima ule ule wa volkano, zikatupigia simu sote kwamba depo inaungua.

Ripoti ya kazi ilitaja wavivu wawili. Mmoja ni mwanaume mnene aliyezunguka depo mara kumi na moja bila kugusa punje: mimi. Wa pili ni mama Kaswera, ambaye hatulii mezani kwake. Kosa langu tulilicheka mpaka machozi; lake nililiamini, nikamfukuza mbele ya wenzake, mwanamke aliyetoka Butembo na kukaa kazini kwangu miaka kumi na tisa.

Mwezi haukwisha, kahawa ikarudishwa. Mnunuzi alionja akasema inanuka kiazi kibichi. Kumbe punje iliyotobolewa na mdudu inafanana na nzima kwa macho, tofauti ni harufu kidogo tu, na Kaswera alikuwa akipita meza kwa meza, akichota konzi za kahawa na kuzinusa. Huo ndio uvivu wake.

Nilimfuata Mugunga, kambini kwa wakimbizi, kwenye turubai la dada yake aliyekimbia vita vya Sake. Hotuba niliyoiandaa njiani ikanitoroka, nikasema tu, "Mama, meza yako iko wazi." Akacheka: "Muzee, ile mashini yako iko na macho mingi, lakini pua iko wapi?" Kesho yake alikuwa kazini. Na vita vilipoingia mjini kwenyewe, umeme ukakatika, kamera zikafa zikiwa zimekodoa, ni yeye na wenzake waliochambua mlangoni, kwa mwanga wa jua, mpaka mzigo ukatimia.

Sasa umeme umerudi, Ridhwani, umeziwasha, ripoti imemtaja tena, nawe umemwandikia barua ya kumwachisha kazi. Umeiweka chini ya dawa zangu, mwanangu, mbele ya mgonjwa ambaye hana kazi nyingine ila kutazama. Ichane. Hapa hapa, niisikie. Vipande vidogo zaidi. Ahsante.

Kamera za getini na za paa zibaki, zinajua kazi yao. Za juu ya meza zishushwe. Mama Kaswera ndiye mkubwa wa meza zote, akae au atembee, na kahawa asiyoikubali haitoki. Maneno haya yako kwa wakili Buhendwa, na yeye si mtu wa mzaha kama mimi.

Bado moja. Nilimfukuza mbele ya watu, nikamrudisha pembeni, kama mwizi anayerudisha kuku. Nimebishana na watu wa forodha wa nchi tisa, lakini neno la kuomba radhi likanishinda. Yuko uani na wenzake, wamekuja kunijulia hali. Wafungulieni, waingie wote.

Niinueni... polepole. Mungu awape riziki ya halali, wanangu... awape na watu wa kuwaambia ukweli. Msigombane. Sumaya, kofia yangu... siwezi kumwambia kichwa wazi.

Karibu, mama Kaswera. Sogea... sauti imebaki kidogo. Mbele ya hawa wote... nilikukosea.