Wimbo wa Bosi

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi mjini Las Higueritas, jimbo la Sinaloa, mkabala na uwanja wa maonyesho. Kahawa ya mdalasini anaichemsha Mama Obdulia, na leo nusu anaimwaga nje ya kikombe. Jioni hii mwanawe, Evelio Zazueta, anapanda jukwaani. Baraza la mji limepiga marufuku korido, nyimbo za visa, zinazosifu wahalifu. Akiimba ule wa Bosi wa Milimani, anashuka na pingu. Mchana wanaume wawili walitoka kwenye gari la vioo vyeusi wakamwambia mama, kwa adabu sana, kwamba Bosi anausubiri wimbo wake.

— Ataimba, alisema Tarumbeta, aliyepuliza tuba, lile tarumbeta kubwa la bendi, mpaka meno yakamhama. Dogo karekodi kwenye banda la kuku, kauza nyimbo mwenyewe kwenye taa za barabarani. Kampuni kubwa imekuja, kaifungia mlango. Leo atishwe na diwani?

— Usicheze na serikali, mzee, alidakia Mheshimiwa, ambaye aligombea udiwani akapigiwa kura na familia yake, tena si yote. Wameunda kamati. Wiki nzima imesikiliza korido zote ili sisi tusizisikilize. Mwenyekiti sasa anaziimba bafuni.

Hatukucheka sana. Lile gari lilikuwa pale kwenye kona, injini inanguruma.

— Bendi ipige muziki mtupu, alisema Tarumbeta. Walichokataza ni maneno. Umati utajiimbia.

— Wafungwe wote?

— Walete mabasi!

— Au kwenye wimbo Bosi ageuzwe farasi. Si anapenda farasi?

— Mwite farasi, Mheshimiwa, halafu tuone nani atakimbia.

— Mnamzika mwanangu, alisema Mama Obdulia, na kahawa yangu mnakunywa.

Binti mmoja aliyeshuka kwenye basi la kutoka Hermosillo, kofia yake bado ina karatasi ya bei, alikuwa anasubiri kikombe.

— Samahanini. Yeye mwenyewe anataka kuimba nini?

Tukamgeukia mama.

— Sikumuuliza, alisema. Nilimpikia tu.

Uwanjani tuba likaguna, klarineti zikafuata. Tarumbeta, anayezijua nyimbo zote, akainua kidole, akasikiliza, akakishusha.

— Si wa Bosi. Huu siujui.

Kule kwenye kona, kioo cheusi cha gari kikateremka taratibu. Mama Obdulia akazima jiko, akavua aproni, akavuka barabara kuelekea uwanjani.