Mitundu Aliyoificha Kasimiri Lugembe

Marehemu mzee wetu Kasimiri Lugembe alizaliwa Igalula mwaka 1899. Baba yake, Mahona, alikuwa mpagazi aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na mguu mbovu. Marehemu alisoma shule ya misheni, akajua kusoma na kuandika. Mengine alifundishwa na baba yake porini.

Kazi ya marehemu ilikuwa kurina asali. Mwaka 1926 alifunga ndoa na Apolinaria, wakahamia Usoke. Mahari ilikuwa asali nyingi na ng'ombe wachache. Mashemeji walimtania kwamba aliwalambisha vidole mpaka wakamwachia binti.

Mwaka 1947 ilikuja amri ya kufyeka pori ili mbung'o, nzi waletao malale, wakose kivuli. Bwana Misitu alimwita.

"Mzee Kasimiri, nionyeshe miti inayofaa nyuki na ndege, tuiache."

Marehemu alionyesha ya kwingine. Mitundu, miti mikubwa ya bondeni kwake, iliyojaa nyuki, yenye mapango ya kutagia hondohondo na ya komba kulala mchana, hakuitaja. Mrina asali hamwonyeshi mgeni mti wake, nyuki watahama. Alidhani akinyamaza ameiokoa. Bonde lote likakatwa, likachomwa moto.

"Ungesema tu, baba Paskazia," mkewe alilia.

"Ningesemaje? Tangu lini mtu akawanyooshea nyuki wake kidole?"

Inatuuma kusema, lakini tangu hapo hatukumwona akicheka. Alihamishia mizinga mbali, kwenye pori la mbung'o, na huko akapata malale. Alianza kusinzia tonge likiwa mkononi, kisha akatusahau majina. Alifariki nyumbani tarehe 8 Agosti 1950, akiwa amepakwa mafuta matakatifu.

Ameacha mjane, mabinti Paskazia na Josepha, mwana Damas, na wajukuu.

Kabla akili haijamtoka, alimwagiza Paskazia asome haya kaburini, watu wote wasikie: Ng'ambo ya kijito, magharibi ya stesheni ya Usoke, imebaki mitundu yenye nyuki. Msiichanganye na miyombo. Muyombo una vijani vidogo vingi kama unyoya. Mtundu una jozi chache za vijani vipana, na majani machanga hutoka mekundu kabla ya mvua.

Bwana Misitu, nawe uliyekuja kumzika umesikia. Mungu amlaze mzee wetu pema, na shoka lipite mbali na miti yake.