Vitabu Ishirini na Saba vya Mvua

Mgeni rasmi, viongozi mliofuatana naye, majirani zetu, na ninyi watoto mliokaa juu ya ukuta (shukeni, tafadhali):

Sisi wapima hewa wa kituo hiki tunakukaribisha kwa furaha, na kwanza tunakuomba radhi kwa tope lililoingia viatuni mwako. Tungeweza kukuwekea saruji. Tulishafanya hivyo. Alipokuja mgeni kabla yako, tulimwaga saruji mpaka chini ya kibanda cha vipimajoto ili asichafuke. Saruji ikala jua mchana kutwa, joto la kibandani likapanda karibu nyuzi moja, nasi tukawaandikia makao makuu kwamba sehemu hii imechemka ghafla. Mama Mvua ndiye aliyetushtukia. Alipiga magoti, akaweka kiganja sakafuni, akasema, "Jamani, kilichochemka hapa ni kupenda sifa kwenu." Tukaibomoa kwa nyundo siku hiyohiyo.

TULIKOTOKA

Mama Mvua ni huyu mwenye kilemba cha buluu, mstari wa mbele, anayejifanya hasikii. Kituo kilifunguliwa na marehemu mumewe miaka arobaini na sita iliyopita, akiwa na kipimamvua kimoja na daftari. Alipima miaka ishirini na saba, kila asubuhi saa tatu kamili, kitabu kimoja kwa mwaka. Alipofariki, mkewe, ambaye tayari alikuwa mwajiriwa hapa, alishika kalamu yake. Asubuhi ya maziko mvua ilinyesha. Alitoka msibani akaja kupima, lakini machozi yakamzidi, akamwaga maji kabla hajaandika. Tukamwambia, "Andika hata milimita ishirini, Mama. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," akajibu. Nafasi ile aliiacha wazi.

TULICHOJIFUNZA

Majirani hutuuliza kama waanue nguo. Tunawajibu tunavyoweza, na wakilowa tunapishana nao dukani tukiangalia pembeni. Hiyo ni hali ya hewa, mambo ya leo na kesho. Tabianchi ni mazoea ya hewa ya mahali, na mazoea hayo hayaonekani mpaka upime kama miaka thelathini.

Jua hupasha bahari na nchi kavu, bahari hutoa mvuke, upepo huubeba, misitu nayo hurudisha unyevu angani, na barafu za mbali hurudisha mwanga wa jua ulikotoka. Kimoja kikiguswa, vingine husikia. Vumbi la volkano kubwa likitanda juu, dunia hupoa mwaka mmoja au miwili, kisha hutulia. Lakini makaa na mafuta tunayochoma hutoa hewa inayozuia joto lisitoke, na nyingi ya hewa hiyo hukaa angani vizazi na vizazi. Mama Mvua huwaambia wanafunzi, "Umelala na blanketi, halafu kila mwaka mtu anakuongezea jingine."

YANAYOTUKWAZA

Wakulima wanatuuliza: mvua za kwanza zinachelewa kweli, au ni sisi tunaozeeka? Hatuna jibu, kwa kuwa tuna vitabu kumi na tisa tu. Vile ishirini na saba vilichukuliwa na makao makuu mwaka ule wa msiba, vikanakiliwe, virudi baada ya mwezi mmoja.

Humo mna mvua, na mna mengine. Marehemu hakuwa mtu wa barua. La moyoni aliliandika kwenye safu ya maoni. Mama Mvua anaukumbuka mstari mmoja: "Milimita kumi na mbili. Radi mbali. Mke wangu amejifungua salama, nimepima huku nikicheka." Siku hizi ameanza kutuuliza kama zilikuwa kumi na mbili au kumi na tatu. Mgeni rasmi, mwenzetu ana hamu ya kuuona mwandiko ule, hamu inayomkondesha, na sisi tunaokaa naye kila siku inatuuma.

TUNACHOOMBA

Tunashukuru kwa mashine mpya inayojipimia yenyewe. Itaanza kuhesabu kesho, na itakapotimiza miaka thelathini hata mdogo wetu hapa atakuwa amestaafu. Mama Mvua anastaafu Ijumaa hii. Alitukataza tusikusumbue. "Ombeni uzio," alisema, "mbuzi wanaingia." Basi, tunaomba uzio.

Na tunaomba vitabu. Kama vimeliwa na mchwa, tuambiwe, tuache kutega sikio kila gari linapopanda kilima. Stakabadhi ya siku vilipochukuliwa tumeiweka mezani mbele yako, karibu na bilauri ya maji. Sahihi ni yako, mgeni rasmi. Hatukulaumu. Ulikuwa karani, ulitumwa, na ulivipakia kwa adabu, ukavifunika turubai kwa sababu wingu lilikuwa limetanda. Ila Mama Mvua alikufuata mpaka kwenye mlango wa gari, akakuuliza, "Mwanangu, utavirudisha?"

Ukamjibu, "Ndiyo, Mama. Kwa mkono wangu mwenyewe."

Mwenyezi Mungu akujalie afya, akufikishe kwako salama, na akukumbushe ulipoviweka.

Ni sisi,
Wapima Hewa wa Kituo cha Kilimani