Upande wa Pili wa Santuri ya Granite Wheel

Benchi lilikaa nje ya duka la ushonaji la Ogari Nyasani, sokoni Suneka, kando ya barabara iendayo mjini Kisii. Aliyemwita Ogari kwa jina lake alijulikana mara moja kuwa ni karani wa kodi. Watu wengine wote walimwita Sentimita, kwa sababu ya utepe wa kupimia ambao haukutoka shingoni mwake hata kanisani. Kahawa aliichemsha mwenyewe juu ya makaa ya pasi, kwa buni zilizokataliwa kiwandani, na ilikuwa chungu kiasi kwamba mgeni alikohoa na mwenyeji alijisifu. Mwaka ulikuwa 1974. Stima ilikuwa bado haijafika Suneka, kwa hiyo gramafoni ya Ogari ilitumia betri, na betri zikichoka zilianikwa juu ya bati, karibu na nafaka ya wimbi ya jirani. Santuri za dansi zilikuwapo nyingi, lakini iliyowagawa watu wa benchi ilikuwa moja: santuri ya nne ya Granite Wheel, bendi ya Waingereza wenye nywele ndefu, wapigaji wa roki. Upande wake wa kwanza ulikuwa moto mtupu, magitaa yakinguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo wa ndizi. Upande wa pili ulikuwa wa polepole, mzito, wenye sauti ya mtu aliyefiwa.

Alhamisi hiyo betri zilikuwa juani, kahawa ilikuwa tayari, na Obadiah Nyangate alikuwa ameshaanza. Yeye ndiye aliyeileta santuri kutoka Nairobi, alikowahi kufanya kazi katika kiwanda cha sabuni, na jina lake la kijiweni lilikuwa Nairobi.

— Nasema tena, bana. Hawa jamaa wangekoma upande wa kwanza. Huu wa pili ni wa kufunikia sufuria.

— Funga mdomo, Nairobi, alijibu Nehemiah Angwenyi, kiongozi wa kwaya ya Wasabato, ambaye kwa sauti yake walimwita Besi. Kwa kuwa dini yake haikumruhusu kunywa kahawa, mkononi alikuwa na kikombe cha maji ya moto. — Upande wa pili ndio wenye roho. Hawa vijana waliokoka katikati ya santuri.

— Waliokoka?

— Walimaliza wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza wakaziona dhambi zao. Kumbuka lile gitaa la besi. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa hiyo besi imeinama.

— Inatafuta nini huko mvunguni? aliuliza Ogari, sindano ikiwa mdomoni.

— Toba.

Obadiah alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini.

— Toba gani? Mimi nimekaa Nairobi, haya mambo nayajua. Mpiga ngoma alikufa. Kampuni ikaficha.

— Na upande wa pili ngoma zinapigwa na nani? aliuliza Nehemiah.

— Babake.

— Babake mpiga ngoma?

— Mzee kabisa. Hujasikia anavyopiga? Kama mama anayesaga wimbi kwenye jiwe huku anasinzia. Kijana akifa, mzee si anashika jembe lake? Hata huku kwetu ni hivyo. Mkono wa mzee hauna mbio, na wale wengine wanamwonea haya, wanamngojea.

— Nyinyi wawili hamjui kitu, alisema Ogari, akaitoa sindano ili aseme vizuri. — Ni baridi. Upande wa kwanza walirekodi Agosti, na huko Agosti ni joto. Wa pili walirekodi Desemba, theluji imefika dirishani. Nyuzi za gitaa ni chuma. Hii cherehani yangu, mwezi wa saba asubuhi, haiendi mpaka niipashe moto. Sembuse gitaa?

— Na mwimbaji je? Yeye pia ni chuma?

— Koo pia ni mtambo, Besi. Wewe mwenyewe mbona unakunywa maji ya moto?

Nehemiah alikitazama kikombe chake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu, kisha akaibuka na nadharia kubwa zaidi.

— Haya, mniambie. Upande wa kwanza kuna nyimbo ngapi? Sita. Siku sita utafanya kazi. Ndiyo yale makelele, vyuma, watu wa kiwanda. Ukiigeuza, kimya kinaingia, mwendo unatulia. Hiyo ni nini kama si Sabato?

— Kwa hiyo Granite Wheel ni Wasabato? aliuliza Obadiah.

— Sijasema wamebatizwa. Nasema wako darasani.

Hapo ndipo aliposema mtu wa nne, ambaye alikuwa kimya mwisho wa benchi, gitaa mapajani na unga kwenye nyusi. Jina lake lilikuwa Abner Onsongo. Mchana alifanya kazi kwenye kinu cha kusagia mahindi, na jioni aliongoza bendi ya vijana watatu.

— Wazee wangu, mimi nangoja jibu. Jumamosi si mbali.

Walijua alichomaanisha. Jumamosi usiku bendi za vijana zingepiga katika ukumbi mjini Kisii, na mwenye hoteli moja ya Kisumu angekuja kuchagua bendi ya kumfanyia kazi mwaka mzima. Kila bendi ilitakiwa ipige wimbo mmoja wa Kizungu. Onsongo alikuwa ameuchagua wimbo wa tatu wa upande wa pili, ule mzito kuliko zote, na tangu mvua za masika alikuwa akijifunza kwa kusikiliza hapo hapo benchini. Akichaguliwa, angekwenda Kisumu na gitaa lake. Asipochaguliwa, angebaki na gunia la mahindi begani, na mwenye kinu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba gunia na gitaa havibebwi na bega moja.

— Momura, kijana wangu, piga wa upande wa kwanza, alisema Obadiah. — Watu wanakuja kucheza dansi. Ukiwapigia ule wako watakuuliza marehemu alikuwa nani na mazishi ni lini.

— Bendi zote zitakuja na huo wa upande wa kwanza! alisema Nehemiah. — Haraka haraka haina baraka.

— Hiyo ni ya kuvuka barabara, mogaka, mzee wangu, si ya gitaa, alijibu Obadiah.

— Ni ya kila kitu. Na mimi nitakuja kumsikiliza, jua likishatua. Sabato ikiisha niko mlangoni.

— Sentimita, wewe unasemaje? aliuliza Onsongo.

— Mimi nasema funga gitaa vizuri na blanketi njiani. Baridi ndiyo adui.

Onsongo alishusha pumzi. Hakuwa amepata jibu. Alikuwa amepata wazee watatu.

Wakati huo alifika mwanamke mwenye mwavuli, ambaye benchi halikuwahi kumwona. Alisimama kwa adabu mpaka maneno yapungue.

— Bwakire.

— Bwakire buya, mama, waliitikia pamoja.

Alijitambulisha kuwa ni Persis Nyanchera, mkunga aliyehamishiwa zahanati ya karibu, na kwamba alikuwa amefuata sare yake, iliyoagizwa na zahanati kwa vipimo vya karatasi. Ogari alisema imebaki vifungo tu, akamsogezea kiti na kikombe. Mgeni alikunywa, akakohoa, akasema ni nzuri. Kisha akainua macho.

— Mnaanika nini kule juu ya bati?

— Betri, mama. Za gramafoni.

— Zikishaota jua?

— Zinapata nguvu kidogo. Tunapiga santuri yote, upande wa kwanza halafu wa pili, mpaka zinalala. Kesho tunazianika tena.

— Kila siku mnaanza na upande wa kwanza?

— Kila siku.

— Mmewahi kuanza na wa pili?

Ogari alikuwa ametia uzi kwenye sindano, uzi ukatoka. Obadiah alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu lilikuwa limezama humo.

— Imeandikwa moja, alisema Ogari mwishowe. — Moja ni moja. Nani anaanza kusoma kitabu katikati?

— Naona imeandikwa moja. Nimeuliza tu kama mmewahi.

Onsongo alipanda juu ya kiti, akaziteremsha betri zikiwa bado za moto, akazipanga kwenye gramafoni, akaigeuza santuri na kuuweka mkono wa sindano juu ya upande wa pili.

Ngoma zilitoka mbio kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Gitaa likafuata, jepesi, likirukaruka, na mwimbaji aliyekuwa akiomboleza siku zote kumbe alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba, mwenye furaha, kama mtu anayesimulia kisa cha kuchekesha na anayetaka kukimaliza kabla mwenzake hajakiharibu. Wimbo wa tatu, ule wa Onsongo, ulikuja ukapita kabla kahawa haijapoa.

— Babake mpiga ngoma amepona haraka, alisema Ogari.

— Na theluji yako imeyeyuka, alijibu Obadiah, lakini bila nguvu. — Hebu geuza. Geuza tusikie wa kwanza.

Wakaigeuza. Betri zilikuwa zimekwisha kuchoka, santuri ikazunguka polepole, na yale magitaa ya moto aliyoyapenda Obadiah yakaja yakijikokota kama ng'ombe aliyezama matopeni. Mwimbaji alinguruma kwa huzuni kubwa. Kila mtu alimtazama Obadiah.

— Nairobi, alisema Nehemiah kwa upole, marafiki zako nao wameokoka.

Walicheka sana, hata mgeni. Onsongo peke yake hakucheka. Aliinua mkono wa sindano, na sauti ikakatika.

— Mimi nimejifunza wimbo ambao haupo.

— Utajifunza sasa ule wa kweli, alisema Obadiah. — Una leo na kesho.

— Vidole haviwezi. Na wenzangu wawili nimewafundisha hivyo hivyo. Yule mwenye hoteli ana santuri na ana stima. Atausikia wetu, atadhani tumelewa.

— Badilisha wimbo, basi, alisema Ogari.

— Kwa upi? Siujui mwingine.

Birika lilikuwa tupu. Ogari alilitikisa, akalirudisha. Persis Nyanchera alikuwa amekwisha kupokea sare yake, lakini alikuwa bado amekaa.

— Wewe unaupigaje? aliuliza.

— Kama nilivyousikia hapa.

— Mimi sijausikia hapa. Piga.

Onsongo alilitazama gitaa, akafuta unga mkononi, akapiga. Aliupiga kwa mwendo wa betri zilizochoka, kila noti ikingojewa mpaka itue, na akauimba kwa sauti ya chini kabisa, hatua mbili chini ya ile ya Mwingereza. Mwanamke aliyekuwa akipita na kikapu cha ndizi kichwani alisimama, akakishika kwa mkono mmoja. Kwenye ubeti wa pili Nehemiah aliingia na besi yake, si kwa kutaka, kwa mazoea tu, na Ogari akaacha kushona. Wimbo ulipoisha mgeni alikuwa ameishika sare kifuani.

Obadiah aliweka kikombe chini.

— Huo si wa Granite Wheel, bana. Hata wenyewe wakiletwa hapa hawataujua.

— Ndio nitakaopiga, alisema Onsongo. — Na wewe Jumamosi usimame pale mbele ya yule mtu wa Kisumu, umwambie hivyo hivyo.

Kisha akaurudia tangu mwanzo, polepole zaidi.