Raundi ya Pili kwa Mtu wa Mstari wa Nne

Benchi letu liko ndani ya uwanja wa barafu wa mji wetu wa Kessock, unapochezwa hoki ya fimbo na kisahani, mkabala na kibanda changu cha kahawa. Zamani lilikuwa benchi la timu ngeni. Klabu ilipoweka mapya, hili likasukumwa huku ukutani, na wazee wakalihamia kama vile wameachiwa urithi. Asubuhi za mazoezi wanakaa hapo, wanawatazama vijana kupitia kioo, wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda chini, na mimi Verna ndiye ninayefagia. Niseme mapema kwamba nimechoka. Januari hii baridi inaua betri za magari, timu inafungwa karibu kila wiki, na juzi meneja kaipa klabu nyingine nafasi zetu mbili za kuchagua vijana, ya raundi ya pili na ya raundi ya nne, ili tupate mchezaji mmoja wa mstari wa nne. Mstari wa nne ni wale wanaoingia barafuni wakati wenzao wanavuta pumzi.

Waliokuwepo asubuhi hiyo ni watatu. Refa alipuliza filimbi kwenye uwanja huu mpaka magoti yakamshinda, na bado anaongea kama anamtoa mtu nje. Silo ni mkulima wa ngano, mrefu, hana haraka na neno. Wa tatu ni mzee Orest Halushka, ambaye mji mzima unamwita Gido, yaani babu kwa lugha ya wazee wake.

— Tumepigwa, alianza Refa kabla hajakaa. — Tena tumepigwa na kitu kizito. Raundi ya pili kwa garasa.

— Si garasa, alisema Silo.

— Goli mbili msimu mzima, kaka. Mbili. Hata mashine ya kulainisha barafu ikipita langoni ingefunga tatu.

— Yule kazi yake si kufunga. Kazi yake ni kuzuia tukiwa pungufu. Ana kilo tisini na mbili, anashika fimbo kushoto, na kisahani kikipigwa hakikwepi. Anakiwekea kifua.

— Kifua hata mimi ninacho.

— Chako kimeshuka, Refa.

Gido hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, hajanywa. Nilijua kwa nini, na wao pia walijua, ila watu wa benchi wakishaanza kubishana hukumbuka mambo kwa kuchelewa. Gido ana mjukuu, Luka, anatimiza miaka kumi na tano mwaka huu. Mwezi wa tano klabu za ligi zitakaa kuchagua vijana wa umri wake, kila moja kwa zamu yake. Klabu ikishakuchagua, ndiyo yenye wewe. Ukifika miaka kumi na sita unahamia mji wao, unalala kwa familia usiyoijua, unasoma shule yao. Kila aliyemwona Luka anasema atachaguliwa raundi ya pili. Nafasi yetu ya raundi ya kwanza tulishaitoa ili tupate golikipa ambaye hata goti lake hatukuliona likipona. Ilibaki ya pili. Gido alikuwa ameitegemea hiyo ya pili akae na mjukuu wake hapahapa.

— Mimi nawaambia kuna jambo nyuma yake, Refa aliendelea. — Meneja hawezi kuwa mjinga kiasi hicho bila sababu.

— Mbona wajinga wa bure wapo wengi, nilisema.

— Dada Verna, mimina kahawa, sisi tuongee. Sikilizeni. Huyu kijana Pelchat ana mdogo wake. Kumi na nne, anateleza kama kapakwa siagi. Unamchukua kaka mtu leo, mwakani mdogo wake anawaambia klabu nyingine zote, mimi siendi popote ila Kessock. Umeelewa hesabu hiyo?

— Pelchat hana mdogo, alisema Silo. — Ana dada. Anacheza kinanda.

— Nani kakwambia?

— Gazeti.

Refa akatema ganda. — Basi ni baridi.

— Baridi gani?

— Mtambo wa kugandisha hii barafu unakufa, si mnausikia unavyokohoa? Mjomba wake yule kijana ni fundi wa mitambo huko Manitoba. Unatoa raundi ya pili, unapata mstari wa nne na fundi wa bure. Hiyo ndiyo akili ya biashara.

Silo alifikiri sana juu ya hilo. Ndivyo alivyo, hata upuuzi anaupa nafasi yake.

— Mimi naona wanatuuza, alisema mwishowe.

— Kivipi?

— Klabu inahamishwa. Mji wenye watu wengi umeshakuja kuitazama. Sasa meneja anakomba stoo kabla ya kuondoka. Raundi ya pili hii, ya nne hii, mwakani ya kwanza. Tukija kushtuka hakuna kijana hata mmoja mwenye jina letu, na huku tumebaki na barafu na benchi.

— Na mimi na ufagio, nilisema.

— Sasa kama wanahama, fundi wa nini? aliuliza Refa.

— Fundi ni wako wewe, Refa, mimi sikumleta.

Vijana walikuwa wanapiga mizunguko. Yule mgeni alionekana kirahisi kwa sababu bado alikuwa amevaa kofia ngumu ya klabu alikotoka, ya kijani, katikati ya kofia nyeusi za wenzake. Alikuwa wa mwisho kwenye mzunguko lakini hakukata kona hata moja. Refa alimnyooshea kidole.

— Ona. Raundi ya pili ile inatembea. Gido, wewe umekaa kimya kama umekuja msibani. Tulilipa sana au hatukulipa sana?

— Nyamaza, Refa, alisema Silo kwa sauti ya chini.

Refa akaelewa. Uso ukamshuka. Lakini swali lilikuwa limeshatoka, na Gido aliweka kikombe sakafuni katikati ya maganda.

— Nyie mnasema raundi ya pili, mnasema raundi ya nne, alisema. — Mimi raundi ya pili naijua kwa jina. Naiamsha kabla hakujapambazuka, naifungia viatu maana ikiwa na usingizi haiwezi. Inakula pirogi kumi na mbili zilizojazwa viazi na kuuliza kama zimebaki. Baba yake yuko migodini kaskazini, anarudi akijisikia. Nilimwambia mama yake, Marusia, usilie, huyu watamchukua Kessock, atakula kwangu. Sasa nitamwambia nini?

— Huenda wakamchukua raundi ya tatu, Silo alisema.

— Hafiki ya tatu. Unajua hafiki.

— Najua.

— Mimi sina ugomvi na yule kijana wa kofia ya kijani. Sikumwita. Ila nikimtazama naona kaja kuchukua kitanda cha mtu. Hiyo ndiyo roho yangu ilivyo leo, na siipendi.

Refa aliokota ganda moja la alizeti akaliweka mfukoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Nilimwongezea Gido kahawa ingawa kikombe kilikuwa kimejaa, ikamwagika, nikaenda kuchukua kitambaa.

Ndipo mlango ukafunguka, baridi ikaingia na mwanamke wa makamo. Koti lake lilikuwa la kuendeshea gari masafa marefu, miguuni viatu vya theluji visivyofungwa. Macho mekundu ya mtu aliyekesha barabarani. Aliomba kahawa, nikampa, akaishika bila kuinywa, akawageukia wazee.

— Habari za asubuhi. Samahani, nyinyi ni wenyeji?

— Sana tu, alisema Refa. — Karibu, mama.

— Mimi ni Rolande Pelchat. Yule wa kofia ya kijani ni wangu.

Silo alisimama akampisha, akabaki amesimama hajui aweke wapi mikono.

— Tulikuwa tunamzungumzia sasa hivi, alisema.

— Najua mnavyozungumza. Kwetu pia kuna benchi. Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. — Ofisi wamemweka kwa familia moja inaitwa Dreger, mtaa wa nyuma ya kanisa la Kilutheri. Nimepita, hakuna mtu, wako kazini. Na mimi lazima nianze kurudi kabla ya dhoruba. Hii ni nyumba ya nne kwake. Moja walikuwa wanamnyima chakula cha usiku, sikujua mpaka aliporudi Krismasi amekonda. Kwa hiyo nauliza tu. Hao Dreger ni watu wa namna gani?

Refa akafungua mdomo. Hawa ndio watu waliojua kilo za yule kijana, mkono wa fimbo, magoli, dada yake na kinanda chake. Nilisubiri. Na mimi pia siwajui, kwa sababu hao Dreger walihamia wakati wa mavuno na hawajawahi kuja kununua kahawa.

— Wana gari jekundu, alisema Refa.

— Taa ya barazani huwa wanaiacha inawaka, alisema Silo. Akatafuta kingine, hakukipata.

Yule mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kidogo na kukipokea. Aligeukia kioo. Mwanawe alikuwa amekaa mwisho kabisa wa benchi la wachezaji, peke yake, anafunga upya kamba za kiatu.

Gido alikuwa anamtazama yule mama, si kijana. Nilimwona uso ukibadilika, na niliogopa kidogo, kwa sababu ni mzee na moyo wake si mzima. Ndani ya huyo mama alikuwa anamwona Marusia, mama yake Luka, wa mwakani. Najua hivyo kwa sababu na mimi nilimwona akilini, amesimama kwenye uwanja wa watu wengine, na koti kama hilo, akiwauliza wazee wa huko swali hilohilo, nao wanamjibu habari za gari.

Gido akavaa kofia yake ya sufu.

— Dreger mwenyewe yuko mgodini, nadhani, ila mkewe nimewahi kumwona anauza duka la pembejeo, alisema. — Twende tukamtoe huko. Tukae jikoni kwake, tuone friji, tuone kitanda. Akikasirika, akasirike na mimi, mimi ni mzee.

— Sitaki kukusumbua.

— Nitapita kumwona kijana kila Jumapili pia. Atanichoka.

Alimpa mkono amsaidie kupanda ngazi, au labda yeye ndiye aliyesaidiwa. Mlangoni akasimama.

— Wako aliondoka na miaka mingapi?

— Kumi na sita.

— Uliwezaje?

— Sijaweza, alisema Rolande Pelchat. — Ndiyo maana unaniona hapa.