Mwalimu wa Chembe Aliyekataa Kushangilia

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwaeleze safari ya dada yetu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Hakikisha, jina alilolinunia na kuliitikia kila mara.

Dada alizaliwa tarehe 3 Mei 1964, mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mshona nguo, akakua mwenye wasiwasi, radi ikipiga anataka kujua imepiga umbali gani, hata mama akichoka humwambia, "Mwanangu, utazeeka kabla yangu." Alisoma hapa mjini, akaingia chuo kikuu mwaka 1984, na mwaka 1993 akapata uzamivu katika fizikia ya nadharia, elimu ya chembe ndogo kuliko zote na nguvu zinazozishika, inayofanywa kwa chaki, kompyuta na ubishi.

Mwaka 1995 aliolewa na mwalimu wa muziki, shemeji yetu mnayemwona hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka 2004 akakabidhiwa kundi la utafiti la watu sita, ghorofa ya tatu, juu ya maktaba.

Mwaka 2011 yakamkuta makubwa. Kundi lake lilikuwa limekokotoa chembe fulani huvunjika mara ngapi, mtambo wa kugonganisha chembe ukaleta kipimo kisicholingana, jambo ambalo, kama hesabu yao ilikuwa sahihi, lilimaanisha kuna nguvu mpya katika maumbile. Chuo, kilichokuwa kinataka kulifunga kundi, kikaanza kulipigia makofi, lakini dada hakushangilia, akamwambia msaidizi wake, ambaye yeye mwenyewe alimlea tangu uanafunzi, "Nahisi kuna kitu tumeacha," naye akajibu, "Mwalimu, tafadhali, usitutilie kitumbua mchanga."

Wakahesabu upya kwa njia nyingine, zaidi ya mwaka, kila hodi ikimshtua dada akidhani ni mkuu wa kitivo amekuja kulifunga kundi, hadi kikaonekana kipande cha hesabu walichokidharau mwanzoni, na walipokijumlisha tofauti yote ikayeyuka. Tarehe 18 Machi 2013, ukumbi umefurika, alisimama, akasema, "Kosa ni letu, maumbile hayajakosea." Wawili wa kundi walihama, msaidizi wake akawa anampita kwenye korido bila salamu, nasi nyumbani tukamwona anakonda, asijue amewaokoa wenzake au amewamaliza. Kundi liliponea chupuchupu, vyuo vingine vilipokokotoa na kupata jibu lile lile alilolisahihisha.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na uvimbe kwenye ubongo, na hofu yake haikuwa kufa bali kupotewa na hesabu, hivyo kila asubuhi mumewe alimwuliza maswali ya shule ya msingi, akajibu kwa kicheko, baadaye kwa machozi. Mwezi uliopita msaidizi yule alikuja wodini, akavuta kiti, akasema, "Mwalimu, nimepata jibu linalomfurahisha kila mtu, na ninaogopa." Dada, ambaye siku hiyo jina la binti yake lilikuwa limempotea, alimshika mkono, akasema, "Vizuri. Ukiogopa, unafanya kazi."

Alitutoka alfajiri ya tarehe 9 mwezi huu, mumewe na mabinti wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomjibu maswali yake yote, majirani waliotuazima viti na mabega, wenzake wa ghorofa ya tatu, na kipekee msaidizi wake, ambaye jibu lile bado hajalitangaza, analihesabu upya.

Dada, umeogopa vya kutosha kwa ajili yetu sote, sasa tulia, ulale kwa amani.