Redempta Syokau Maundu, Fundi wa Sidiria Asiyeamini Nambari

Marehemu Redempta Syokau Maundu alizaliwa tarehe 12 Machi 1966 huko Wamunyu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Makau, mchonga vinyago, na marehemu Mama Mbithe. Hiyo ndiyo tarehe iliyoko kwenye cheti cha ubatizo. Yeye mwenyewe hakuiamini. Alisema karani wa kanisa alikuwa na haraka, na kwamba mama yetu alikumbuka mvua kubwa siku ile, ilhali Machi ya mwaka huo ilikuwa kavu. Tunaisoma hivyo kwa sababu hatuna nyingine. Mimi ni Mutanu, mdogo wake wa mwisho. Aliniomba mwenyewe nisome haya, baada ya kunishuku kwa muda mrefu kwamba ningempamba kupita kiasi.

Padre aliniomba kwa upole kwamba, tukiwa hapa mbele ya jeneza, nitumie maneno "mavazi ya ndani". Nilimsikia na ninamheshimu. Lakini dada yangu alishona sidiria sehemu kubwa ya maisha yake, na nikizungukazunguka angedhani nina jambo ninalolificha. Kwa hiyo nitasema sidiria, na wenye aibu watazame chini.

Alisoma shule ya msingi kule kule Wamunyu, akafanya mtihani wa CPE mwaka 1980, kisha akaenda sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne, mwaka 1984. Hesabu alizipenda, ila majibu yaliyo nyuma ya kitabu aliyakokotoa upya yote, kwani hakujua nani aliyachapisha. Akiwa kidato cha pili shangazi yetu alimletea sidiria yake ya kwanza kutoka Nairobi, mpya kabisa, ikiwa na nambari mgongoni. Aliambiwa kuwa nambari hiyo ndiyo ya wasichana wa rika lake. Ilimbana mbele na kumpanda nyuma, akaacha netiboli, akawa anakaa kando ya uwanja amekumbatia vitabu. Wenzake waliokuwa na shida hiyo hiyo walilaumu miili yao. Yeye alilaumu nambari. Likizo ilipofika aliifumua yote kwa wembe wa baba, akaiunganisha upya kwa mkono, na muhula uliofuata alirudi uwanjani.

Baada ya shule alijifunza ushonaji katika chuo cha ufundi, 1985 na 1986, kisha akaweka cherehani barazani mwa duka moja sokoni Tala, akishona sare za shule. Hapo ndipo Bwana Aloys Maundu, aliyekuwa akiuza misumari na mabati, alipomwona. Alipomweleza nia yake, Syokau alimuuliza mkewe yuko wapi. Aloys akasema hana mke. Baada ya majuma kadhaa akamuuliza tena swali lile lile, aone kama jibu limebadilika. Kaka yetu Munyao alitumwa Masii, kwao Aloys, kwenda kuulizauliza, akarudi na habari njema, naye Munyao akashukiwa kuwa amenunuliwa chai. Siku ya ntheo, mbuzi wa posa walipofikishwa kwetu, binti aliyepaswa kukaa ndani na wasichana wenzake alitoka jikoni, akamshika mbuzi wa kwanza taya, akamtazama meno. Mbuzi alikuwa kijana, na mazungumzo yakaendelea. Walifunga ndoa kanisani Tala tarehe 17 Agosti 1991, wakajaliwa watoto wawili, Mwendwa na Lavender. Shemeji Aloys husema aliaminiwa rasmi mwaka 2003 hivi.

Sidiria alianza kuzishona nyumbani baada ya Lavender kuzaliwa. Alinunua mitumba iliyochoka pale Tala, ile ambayo wenye kuuza walikuwa tayari kuitupa, akawa anaifumua mshono kwa mshono. Aligundua kwamba sidiria mbili zenye nambari moja, kutoka viwanda viwili, hazilingani hata kidogo. Tangu hapo, mteja akiingia na kusema yeye ni thelathini na sita, Syokau alimwitikia vizuri, akachukua mkasi, akaikata ile lebo ya mgongoni na kuitia kwenye jiko. "Hiyo nambari iliandikwa na mtu mwenye hajawahi kukuona," alisema.

Kisha alimpima. Chini ya matiti alipima baada ya mtu kutoa pumzi yote, maana alishuku kwamba kila mwanamke hujitutumua mbele ya fundi. Alimpima akiwa amesimama, akampima akiwa ameinama, halafu akamwambia anyanyue mikono kama anayeanika nguo. Mkanda wa chini ukipanda, ni mkubwa. Mkanda ndio wa kubeba mzigo, alisema, na kamba za mabegani ni za kusindikiza tu. Wengi wenu mliokaa hapa mlimwendea mkiwa na mkanda mkubwa na vikombe vidogo, mabega yamechimbika. Hakuandika kipimo cha mtu yeyote. Alikata nyuzi zenye urefu wa vipimo hivyo: wa buluu kwa mkanda, mwekundu kwa vikombe, mweupe kwa mabega, na juu ya kila mmoja aliongeza nafasi ya vidole viwili ili mtu apate kupumua.

Chumba alichopimia watu, chenye pazia, kilizua maneno. Wanawake waliingia mmoja mmoja, mlango ukafungwa, wakatoka wakitembea wima. Wengine walisema ni uganga, wengine wakasema ni chama cha siri. Mzee mmoja, ambaye ninamwona pale karibu na tenki la maji, alikuja hadi mlangoni kuuliza mke wake siku hizi anajisimamisha hivyo kwa ajili ya nani. Syokau alimjibu akiwa nyuma ya pazia: "Mzee, bibi yako alikuwa anainama sababu kamba zilikuwa zinamvuta. Sasa hazimvuti. Kwani ulikuwa unapenda akiinama?" Mzee alirudi nyumbani. Mwezi uliofuata aliwaleta binti zake wapimwe.

Kazi ilipozidi alimfundisha msichana mmoja kila kitu. Msichana huyo aliondoka na pateni zote, zile karatasi za kukatia vitambaa, akafungua duka lake Nairobi. Jina lake hatutalitaja, kwa sababu huenda amekuja. Baada ya hapo Syokau aliapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayeijua kazi nzima. Aliigawa. Pauline wa hapa Tala alifundishwa vikombe peke yake. Nthambi wa Kangundo alifundishwa mkanda. Wakiuru, aliyekuja Machakos mjini kutoka Murang'a kuuza vitambaa, alifundishwa kamba na vikulabu. Kila mmoja alishonea kwake, akapokea uzi wa rangi yake tu, akaleta kipande chake siku yake. Kuviunganisha alikufanya mwenyewe, mlango ukiwa na komeo. Wale watatu hawakuruhusiwa kutembeleana, na kwa miaka yote hiyo kila mmoja alidhani wenzake wanamvizia apate makosa ili wachukue sehemu yake.

Mwezi wa Mei mwaka huu alianza kushindwa kumeza. Katika hospitali moja ya Machakos mjini tuliambiwa ni saratani ya koo, na kwamba imechelewa kuonekana. Syokau alimshuku daktari kwa ujana wake. Alishuku mizani, akisema inamwibia kilo, ila alipojipima nyumbani kwa tepu yake aliona mizani ilisema kweli. Sidiria zake zote zilimpwaya. Mwishoni mwa Septemba aliniita, akanipa nyuzi tatu alizojikatia mwenyewe kitandani.

"Mutanu, msinizike na ya duka," aliniambia. "Wala ya mtumba. Ile ya mwisho nataka inikae vile inatakikana. Hao watatu waishone. Lakini uwaangalie."

Nikamkumbusha kwamba hakuna hata mmoja wao anayejua kuunganisha. Akanitazama, nikajua ananipima kama ninafaa kuambiwa. Halafu akanieleza mpango wa kuunganisha, toka kipande cha kati hadi lastiki ya mwisho, akanirudisha nyuma kila nilipokosea, mimi ambaye hata kutunga uzi kwenye sindano ni vita. Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, alfajiri, Aloys akiwa amemshika mkono.

Jumatatu iliyofuata niliwaita wale watatu kwenye meza yake, nikampa kila mmoja uzi wa rangi yake. Wakiuru alikuja na kikapu cha kyondo alichokifunika leso. Pauline alikata vikombe akiwa ametupa mgongo, mabega ameyapandisha kama mtoto anayeficha jibu darasani. Nthambi alikataa chai hadi nilipoionja mimi. Nilisimama katikati nikiyatoa maneno ya marehemu moja baada ya jingine, nao wakaunganisha, kila mmoja akishika kipande chake na kukiachia shingo upande. Ilipokwisha ilikuwa sidiria nzuri, nyeupe, yenye lesi aliyoichagua mwenyewe. Niliogopa sana. Nilikuwa nimemwahidi itamkaa, na sikumwamini hata mmoja wao.

Jumatano tulikwenda mochari kumvisha. Haikumkaa. Mkanda ulizunguka, vikombe vilisimama vitupu, kamba zilianguka mabegani. Nilihisi nimemwangusha dada yangu. Pauline alimgeukia Nthambi, akamwambia mkanda umekatwa ovyo. Nthambi akasema vikombe vyenyewe ndivyo vya ovyo, na huenda kuna aliyebadilisha nyuzi njiani, akanitazama mimi. Wakiuru ndiye aliyetoa uzi wake na kuulaza juu ya kamba. Ulilingana. Pauline akatoa wake, Nthambi akatoa wake. Yote ililingana na nyuzi, sawasawa, hakuna aliyekosea hata kidogo.

Nthambi ndiye aliyejua kwanza, kwa kuwa ameshika nyuzi za buluu miaka mingi. Aliupitisha ule uzi kwenye vidole, pole pole.

"Huu si uzi wa mgonjwa," alisema. "Sisi wote alikuwa anatuachia vidole viwili. Yeye amejiachia mkono mzima. Huyu alikuwa anajipimia vile atakuwa akirudi."

Nikakumbuka kwamba Septemba hiyo alikuwa amekwisha kukonda, na tepu ilikuwa imemwambia hivyo. Tulidhani hamwamini daktari kwa sababu hamwamini mtu. Kumbe alitumaini kupona, hakumwambia hata Aloys, akalikata tumaini lake katika nyuzi tatu na kunikabidhi mimi. Nililia pale pale, na ninasema wazi kwamba bado naumia.

Nthambi alishika mkasi apunguze. Pauline akamshika mkono, akasema isikatwe. Wakakubaliana kufumua. Waliketi kwenye benchi la mochari, magoti yakigusana, nguo moja ikiwa juu ya mapaja ya wote watatu, huyu akimshikia mwenzake mshono, huyu akimwonyesha pini inakaa wapi. Hakuna aliyegeuza mgongo. Ile nafasi yote aliyojiachia hawakuikata. Waliikunja ndani ya mishono, wakashona juu yake. Tukamvisha tena, Nthambi akapitisha vidole viwili chini ya mkanda, akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo aliyoivaa sasa.

Marehemu ameacha mume wake, Bwana Aloys Maundu, mwanawe Mwendwa, binti yake Lavender wa Syokimau, kaka yake Munyao, mimi Mutanu, na Pauline, Nthambi na Wakiuru, mafundi wa sidiria, ambao sasa kila mmoja anaijua kazi nzima na ambao jana nimewasikia wakipatana siku ya kukutana kwenye meza yake.

Mungu ampumzishe salama, na dada yangu amwamini.